Dixie Dean: Mabao 60 kwa mshahara wa Pauni 8

UKIKAA kijiweni ukatupa swali la nani straika hatari zaidi kuwahi kucheza ligi ya England, majina yatakayoanza kutajwa unayajua. Atatajwa Alan Shearer, atatajwa Thierry Henry, na vijana wa leo watakukatisha hata hujamaliza kuuliza, watakwambia ni Erling Haaland, basi, mjadala umefungwa.

Si vibaya. Haaland alifunga mabao 36 msimu wa 2022/23, akavunja rekodi ya Ligi Kuu England na dunia nzima ikasimama kumpigia makofi. Lakini kuna mzee mmoja, sasa ni marehemu wa miaka mingi, ambaye akisikia habari ya mabao 36 angetabasamu tu. Yeye alifunga 60. Ndiyo, umesoma vizuri. Mabao 60 ya ligi, ligi ya juu kabisa England, katika msimu mmoja, tena akiwa kijana wa miaka 21.

Jina lake ni William Ralph Dean. Wengi wanamjua kama Dixie Dean, straika wa Everton. Mashabiki wa hapa Dar es Salaam waliojaa Uwanja wa Taifa Julai 2017 kuitazama Everton ikiifunga Gor Mahia 2-1, siku ile Wayne Rooney alipopiga lile shuti la mbali, waliiona jezi ya bluu ya klabu hiyo kwa macho yao. Ile jezi ina historia ndefu, na katika historia hiyo hakuna aliyeivaa akafunga kama Dean.

Hata hivyo, ukiishia kwenye mabao utakuwa umemjua nusu tu. Huyu ni mtu ambaye mwili wake ulivunjwa vunjwa tangu akiwa kijana, akaambiwa mpira basi, akarudi na kuweka rekodi ambayo inakaribia miaka 100 haijaguswa. Na kwa kazi yote hiyo, mshahara wake haukuwahi kuzidi wa mchezaji mwingine yeyote wa kikosi cha kwanza.

MTOTO WA RELI

Dean alizaliwa Januari 22, 1907, katika mji wa Birkenhead. Ukisimama Birkenhead unaiona Liverpool ng'ambo ya pili, katikati kuna Mto Mersey. Ni mji wa bandari, wa viwanda vya meli na wa watu wa kazi ngumu. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na kwa upande wa mpira alikuwa Everton damu. Dogo akiwa na miaka saba au minane alivushwa mto, akapelekwa Goodison Park kuwaona wanaume wa bluu. Kuanzia siku hiyo akili yake haikuwa na kitu kingine.

Shule hakuipenda sana, alipenda kiwanja cha shule. Alipofika miaka 14 akaacha masomo, akaingia kazini reli kama mwanafunzi wa ufundi. Wenzake hawakuipenda zamu ya usiku, yeye akaichukua kwa moyo mmoja. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ukifanya kazi usiku, mchana unabaki wako, na mchana ndio mpira unachezwa. Kulala ni baadaye.

Akiwa na miaka 16 akasajiliwa na Tranmere Rovers, timu ya hapo hapo Birkenhead iliyokuwa ikicheza Daraja la Tatu Kaskazini. Huko ndiko alikojifunza mpira wa wakubwa, na wakubwa wa enzi hizo hawakuwa na huruma. Hakukuwa na kadi za njano wala nyekundu. Hakukuwa na mchezaji wa akiba wa kuingia ukiumia. Beki akikuchapa, unanyanyuka au unabebwa, timu inaendelea ikiwa pungufu.

Katika mechi moja ya kikosi cha pili cha Tranmere dhidi ya Altrincham, Dean alikutana na beki aliyeamua kuwa kijana huyu leo amefunga vya kutosha. Teke lililofuata lilimpata pabaya. Alikimbizwa hospitali, na alitoka akiwa amepoteza korodani moja. Alikuwa bado hajafika hata miaka 18.

Kijana mwingine angerudi zake reli. Dean alirudi uwanjani. Alimaliza muda wake Tranmere akiwa na mabao 27 katika mechi 30 za ligi, na timu kubwa zikaanza kuvuka mto kuja kumtazama.

ALIVYOKIMBIA KUSAINI

Timu nyingi zilimtaka, lakini kwake timu ilikuwa moja tu. Machi 1925 katibu wa Everton, Thomas McIntosh, alifika Birkenhead na kumwachia ujumbe kwamba anamsubiri katika Hoteli ya Woodside, kando ya mto. Dean alipopata habari hakusubiri usafiri wa aina yoyote. Alitimua mbio kutoka nyumbani kwao mpaka hotelini, umbali wa kama kilomita nne, akafika anahema. Mchezaji wa leo anakuja na wakala, mwanasheria na mpiga picha. Huyu alikuja na jasho.

Everton walilipa Pauni 3,000. Kwa klabu ndogo kama Tranmere hizo zilikuwa fedha nyingi sana, walikuwa hawajawahi kumuuza mchezaji kwa bei hiyo. Dean alitarajia kwamba familia yake itapata asilimia kumi, yaani Pauni 300. Wazazi wake wakapewa Pauni 30. Kijana akalalamika, akapeleka shauri lake mpaka kwa mkubwa wa ligi, John McKenna. Jibu alilopata lilikuwa fupi: umeshasaini, hakuna la kufanya.

Lishike hilo, maana litarudi. Katika maisha ya Dean, kila mara mabao yalipoongezeka, fedha zilikwenda kwa mtu mwingine.

SHERIA YA KUOTEA

Dean alifika Everton wakati mzuri kwa mshambuliaji. Mpaka msimu wa 1924/25, mchezaji aliyepewa pasi alihesabiwa ameotea kama mbele yake hakukuwa na wapinzani watatu. Kwa kawaida hao ni kipa na mabeki wawili. Mabeki walikuwa wajanja, mmoja anapanda juu, washambuliaji wote wanaotea, mpira unasimama kila dakika. Watu wakaanza kuchoka.

Mwaka 1925 sheria ikabadilishwa, watatu wakawa wawili. Mabao yakamwagika. Daraja la Kwanza, ambalo ndilo lilikuwa ligi kuu ya wakati huo, lilitoka kwenye mabao yasiyofika 1,200 kwa msimu mzima mpaka zaidi ya 1,700 msimu uliofuata.

Hapo ndipo wabishi wanaposhika mpini. Wanasema rekodi ya Dean ni ya sheria mpya na mabeki waliochanganyikiwa. Tutawajibu mbele, tusiwe na haraka. Kwa sasa tuseme tu kwamba Dean, katika msimu wake kamili wa kwanza Everton, alifunga mabao 32 katika mechi 38 za ligi. Alikuwa na miaka 19. Goodison wakajua wamepata mtu.

PIKIPIKI

Halafu ikaja Juni 1926. Ligi imekwisha, wachezaji wako mapumziko. Dean alikuwa kwenye pikipiki kaskazini mwa Wales, maeneo ya Holywell, alipopata ajali mbaya. Fuvu la kichwa lilipasuka, taya likavunjika. Alipofikishwa hospitali hakuwa na fahamu, na walioitwa kumwona hawakuwa na uhakika kama ataona jua la kesho.

Aliamka. Madaktari wakasema kuishi ataishi, lakini mpira asahau. Na hasa kupiga kichwa, ndiyo kabisa. Lazima ukumbuke mpira wa enzi zile ulikuwaje: ngozi nzito, umeshonwa na kufungwa kamba, ukinyeshewa unavuta maji na kuwa kama tofali. Mtu mwenye fuvu zima alikuwa akiupiga kichwa na kuona nyota. Sasa huyu wa fuvu lililopasuka?

Oktoba mwaka huo huo Dean alikuwa amevaa jezi. Alianzia kikosi cha pili, na aliporudi kikosi cha kwanza dhidi ya Leeds alifunga. Kwa nini? Kichwa. Wote waliokuwa uwanjani walielewa maana ya bao lile kuliko walivyoelewa matokeo.

Baadaye mitaani ikazuka porojo kwamba madaktari walimwekea chuma kichwani, ndiyo maana vichwa vyake vinaenda kama risasi. Mashabiki ni walewale, enzi zote. Ukweli ni kwamba hapakuwa na chuma cha aina hiyo. Dean hakuwa hata jitu, urefu wake ulikuwa chini kidogo ya futi sita. Kilichokuwepo ni muda wa kuruka. Alijua mpira utashukia wapi, akapanda kabla ya beki, akakaa juu, halafu akauelekeza chini kwenye kona ya goli ambako kipa hafiki. Mabeki warefu walikuwa wakifika wakati yeye ameshaanza kushuka.

Msimu huo wa ajali, pamoja na kukosa wiki zote za mwanzo, alifunga mabao 21 ya ligi katika mechi 27. Februari 1927 akaitwa timu ya taifa ya England, akafunga mawili dhidi ya Wales mjini Wrexham. Miezi miwili baadaye akaenda Glasgow, Hampden Park, ambako England ilikuwa haijashinda tangu 1904. England 2, Scotland 1. Mabao yote mawili ya England, Dean. Katika mechi zake tano za kwanza za kimataifa alitupia 12.

MABAO TISA, MECHI TATU

Sasa tuingie kwenye msimu wenyewe, 1927/28.

Rekodi ya Daraja la Kwanza ilikuwa mabao 43, ya Ted Harper wa Blackburn Rovers. Rekodi ya madaraja yote ilikuwa 59, aliyoiweka George Camsell wa Middlesbrough msimu mmoja tu nyuma, lakini yeye alikuwa Daraja la Pili. Watu waliiangalia ile 59 wakasema hii itakaa, labda watoto wetu ndio watakaoiona ikivunjwa.

Dean akaanza kufunga kama anadaiwa. Rekodi ya Harper akaivuka. Mabao yalipokaribia 50 nchi nzima ikaanza kuhesabu naye. Lakini ratiba haikumpendelea, siku zikaisha. Zilipobaki mechi tatu alikuwa na mabao 51. Kuifikia ya Camsell alihitaji manane. Kuivunja, tisa. Mechi tatu, mabao tisa. Fanya hesabu mwenyewe, ni hat-trick kila mechi.

Ya kwanza kati ya hizo tatu, dhidi ya Aston Villa, alipata mawili. Watu wakatikisa vichwa, wakasema amejitahidi, basi tena. Ya pili, ugenini Burnley, akafunga manne, Everton ikashinda 5-3. Mara hesabu ikawa 57. Imebaki mechi moja na yanahitajika matatu.

Jumamosi, Mei 5, 1928. Goodison Park. Mgeni ni Arsenal. Everton walikuwa wameshatwaa ubingwa, kwa hiyo ile mechi kwa upande wa pointi haikuwa na uzito wowote. Watu walifurika kumwona mtu mmoja. Ndani ya Arsenal alikuwemo Charles Buchan, nyota mkubwa wa enzi hizo, akicheza mechi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Siku nyingine habari ingekuwa yake.

Arsenal wakatangulia kufunga mapema tu. Dean akajibu dakika chache baadaye, 58. Kabla ya mapumziko ikapatikana penalti, akaiweka wavuni, 59. Kipindi cha kwanza hakijaisha na Camsell ameshafikiwa! Uwanja ukapagawa.

Halafu bao likagoma. Arsenal wakasawazisha, ikawa 2-2. Kipindi cha pili dakika zikakatika, kumi, ishirini, thelathini. Kila mpira unarushwa kwa Dean, na Arsenal wamemzunguka kama nyuki. Hawakuwa na nia ya kuandikwa kwenye historia ya mtu mwingine. Goodison ikaanza kunyamaza kwa wasiwasi.

Zikiwa zimebaki dakika chache, Everton wakapata kona. Aliyekwenda kuipiga ni Alec Troup, winga Mskoti, mfupi, mtu ambaye krosi zake zilimlisha Dean msimu mzima. Troup akaunyanyua. Katika msitu ule wa mabeki kikaibuka kichwa kimoja. Mpira wavuni. Sitini.

Wanaosimulia wanasema kelele zile zilivuka mto. Arsenal walisawazisha tena mwishoni na mechi ikaisha 3-3, lakini muulize shabiki yeyote wa Everton bao la tatu la Arsenal alifunga nani, atakushangaa.

Everton walimaliza msimu na mabao 102 ya ligi. Katika hayo, 60 ya mtu mmoja, ndani ya mechi 39. Na kumbuka, tangu ile pikipiki ilipoanguka Wales ilikuwa haijatimia hata miaka miwili.

TUWAJIBU WABISHI

Sasa turudi kwa wale wa sheria ya kuotea. Ni kweli sheria mpya iliwasaidia washambuliaji. Lakini sheria ile haikuwa ya Dean peke yake. Ilikuwa ya kila straika wa England, timu zote 22 za Daraja la Kwanza. Baada yake, aliyesogea karibu zaidi katika daraja hilo ni Pongo Waring wa Aston Villa, mabao 49 msimu wa 1930/31. Yaani mtu wa pili yuko nyuma kwa mabao 11. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliyefika mbali ni Jimmy Greaves wa Chelsea, mabao 41 msimu wa 1960/61. Haaland 36.

Halafu ni hivi: mabeki wa leo ni wepesi na wana mafunzo, hatukatai. Lakini straika wa leo ana mwamuzi wa kumlinda, ana video, ana daktari, ana nyasi kama zulia. Dean alicheza kwenye matope ya Januari dhidi ya watu waliokuwa na ruhusa ya nusu ya kumvunja. Na pamoja na mateke yote aliyokula, hakuwahi hata siku moja kutolewa nje na mwamuzi. Kisasi chake kilikuwa wavuni.

WAKASHUKA NAYE, WAKAPANDA NAYE

Mashabiki wengi wanadhani baada ya mabao 60 ilikuwa ni raha tu. Si kweli. Dean aliandamwa na majeraha, timu ikayumba, na mwaka 1930, miaka miwili tu baada ya ubingwa, Everton wakashuka daraja kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mabingwa wa juzi wakawa Daraja la Pili.

Nyota wa namna yake angeweza kutafuta mlango. Dean alibaki. Msimu wa 1930/31 akafunga mabao 39, Everton ikapanda ikiwa bingwa wa Daraja la Pili kwa jumla ya mabao 121. Msimu uliofuata, 1931/32, wakiwa ndio kwanza wamepanda, wakatwaa ubingwa wa Daraja la Kwanza. Dean akazidi mabao 40 kwa mara nyingine. Na mwaka 1933 akiwa nahodha aliiongoza Everton Wembley katika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Manchester City, wakashinda 3-0, bao moja likiwa lake. Miaka mitatu mfululizo, makombe matatu tofauti.

Fainali ile ya 1933 ina jambo lake. Ndiyo fainali ya kwanza ya Kombe la FA ambayo wachezaji walivaa namba mgongoni. Everton walipewa 1 hadi 11, City wakapewa 12 hadi 22. Dean alivaa 9. Leo mtoto wa Mbagala au wa Kisumu akigombea jezi namba 9 na wenzake, ajue katika fainali ile ya kwanza ya namba, mwenye hiyo 9 alikuwa Dean.

Kuhusu jina la Dixie, yeye mwenyewe hakulipenda. Alitaka kuitwa Bill. Inaaminika jina hilo alipewa kwa sababu ya nywele zake nyeusi na rangi yake iliyokoza kidogo, watu wakimfananisha na watu wa kusini mwa Marekani, na halikuwa jina la heshima. Lakini mashabiki walilishika, likaganda, na ndilo lililoandikwa kwenye historia. Sisi nasi tumelitumia hapa kwa sababu bila hilo wengi wasingejua tunamzungumzia nani.

PAUNI NANE

Sasa ile habari ya fedha. Katika miaka yote hiyo ligi ya England ilikuwa na kiwango cha juu cha mshahara. Mchezaji hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya Pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu, na Pauni 6 wakati wa kiangazi. Ufunge mabao 60 au usifunge hata moja, juu ya hapo hupandi. Sheria ile ya kiwango cha juu ilidumu mpaka mwaka 1961.

Dean alikuwa na kisa alichopenda kukisimulia, kwamba aliwahi kukutana na Babe Ruth, mfalme wa besiboli wa Marekani, na Mmarekani huyo akapigwa na butwaa kusikia mtu anayejaza uwanja namna ile analipwa Pauni 8. Kwa Ruth, mshahara kama huo haukuwa mshahara.

Hakuwa maskini, tuseme ukweli. Pauni 8 zilikuwa nyingi kuliko alizopata fundi wa reli. Lakini fundi wa reli anafanya kazi mpaka uzeeni. Mchezaji anauza mwili, na mwili una mwisho wake. Wa Dean ulikuwa umeshaliwa mapema kuliko ya wenzake.

Mwaka 1936 aliipita rekodi ya Steve Bloomer ya mabao 352 ya ligi. Mwisho wa mwaka ule ule Everton wakaenda Burnley na kumsajili kijana wa miaka 17, Tommy Lawton, kwa Pauni 6,500. Dean hakuhitaji kuelezwa. Alijua mtoto huyu amekuja kuchukua kiti chake. Angeweza kumnunia. Badala yake alimchukua kiwanjani akamfundisha kazi, hasa ile ya kichwa: kuruka lini, kukaa juu namna gani, mpira uelekezwe wapi. Lawton akaja kuwa straika wa England. Mwanafunzi aliiva mikononi mwa mtu ambaye alikuwa anafundisha mrithi wake mwenyewe.

Machi 1938 Dean aliuzwa kwa Notts County ya Daraja la Tatu. Bei? Pauni 3,000, ileile waliyomnunulia akiwa na miaka 18. Katikati ya Pauni 3,000 mbili kulikuwa na mabao 383 katika mechi 433 za mashindano yote. Kwa England alikuwa amemaliza na mabao 18 katika mechi 16. Hakukuwa na sherehe ya kumuaga. Aliondoka kama mfanyakazi aliyemaliza mkataba.

Notts County hakukaa, majeraha yalikuwa yamemzidi. Mapema mwaka 1939 akaenda Ireland kuichezea Sligo Rovers. Wenyeji hawakuamini. Katika mechi moja dhidi ya Waterford alifunga matano, na akaifikisha Sligo fainali ya kombe la nchi hiyo. Fainali ya kwanza dhidi ya Shelbourne iliisha 1-1, bao la Sligo alifunga yeye. Waliporudiana wakafungwa 1-0. Septemba mwaka huo vita ikaanza, na mpira wa Dean ukaishia hapo.

Baada ya vita aliendesha baa mjini Chester kwa miaka kadhaa, watu wakija kunywa na kumsikiliza. Baadaye akaajiriwa Littlewoods, kampuni ya kubashiri matokeo ya mpira ya pale Liverpool, kwa kazi za kawaida kabisa, mpaka alipostaafu. Mtu aliyewahi kujaza viwanja sasa anafanya kazi ya kawaida kwenye kampuni inayopata fedha kwa viwanja kujaa. Hakuona haya. Mwaka 1964 Everton walimwandalia mechi ya heshima, na maelfu ya mashabiki, wengi hawajawahi kumwona akicheza, walijitokeza Goodison kumchangia.

Mwaka 1976 mguu wake wa kulia ukakatwa kwa sababu ya kuganda kwa damu. Ule mguu. Akawa wa kusukumwa kwenye kiti.

KURUDI NYUMBANI

Machi 1, 1980, ilikuwa siku ya dabi, Everton na Liverpool, Goodison Park. Dean, miaka 73, alialikwa. Kulikuwa na hafla ya chakula kabla ya mechi, na Bill Shankly, kocha mkubwa wa zamani wa Liverpool, mtu wa upande wa pili kabisa, alisimama akamsifu mbele ya wageni. Kisha wakapanda jukwaani kutazama mpira.

Everton walifungwa 2-1 siku hiyo. Dean hakurudi nyumbani. Moyo wake ulisimama akiwa pale pale Goodison, uwanja ambao baba yake alimleta akiwa mtoto, ambao alifunga bao la sitini, ambao aliondokea bila kuagwa. Mpira ulimnyima mengi, lakini mahali pa kufia haukumnyima.

Mwaka 2001 Everton waliweka sanamu yake nje ya uwanja huo. Mei 2025 timu ya wanaume ilicheza mechi yake ya mwisho ya ligi pale na kuhamia uwanja mpya kando ya Mersey, mto uleule aliouvuka akiwa dogo. Uwanja umebadilika, mishahara imebadilika. Straika wa kawaida wa leo analipwa kwa siku moja fedha ambazo Dean hakuziona mwaka mzima.

Kila Agosti ligi inapoanza, mastraika wote wanaanza na sifuri, na wote wanaitafuta namba ileile. Msimu ukifika Machi tunaacha kuitaja, maana tunajua hakuna atakayeifika. Sitini bado iko palepale.